Mume wangu hupita foleni ya Ulaya, mimi na watoto tunabaki nyuma

Hujambo Shangazi?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, naishi Mamboleo. Nimeolewa na Mjerumani huu mwaka wa 8. Tulikutana hapahapa Kisumu. Alikuja kwetu Gem na wazee wake wa kuombea, akafanya ayie, sherehe yetu ya Kiluo ya kuposa, kama mwanamume mwingine yeyote, kisha tukafunga ndoa mbele ya msajili na tukapewa cheti. Anaishi nami hapa na ana kibali chake cha kukaa nchini. Tuna mtoto wa kiume wa miaka 5 mwenye pasipoti mbili, ya Kenya na ya Ujerumani. Nina pia binti wa miaka 15 niliyempata kabla sijakutana na mume huyu. Binti ana pasipoti ya Kenya pekee, sawa na mimi.

Tukipata nafasi huwa tunakwenda Uholanzi kumwona wifi yangu, dada ya mume wangu, ambaye ameolewa Utrecht. Shida yangu huanza tukishuka ndege Amsterdam. Vibao viko juu ya vichwa: huku raia wa Ulaya, kule pasipoti zote. Mume wangu ni mtu wa kufuata utaratibu. Anakisoma kibao, ananiambia, "Tuonane upande ule," anashika begi lake, anakwenda. Yeye hupita upesi. Mimi nabaki na watoto kwenye mstari unaozunguka mara nne. Mdogo analilia choo. Binti yangu huniuliza kwa nini Baba ameenda peke yake, nami sina la kumjibu. Nikifika dirishani naulizwa ninakwenda kwa nani, nina pesa kiasi gani, nitarudi lini. Hakuna afisa aliyenikosea heshima, hayo ni maswali ya kazi yao. Lakini barua ya mwaliko na tiketi za kurudi ziko kwenye begi la mume wangu, na mume wangu yuko ng'ambo ya kioo anatazama simu.

Safari iliyopita moyo ulinijaa. Tuliporudi Nairobi nikaona foleni ya Wakenya ni fupi. Nikawashika watoto mkono, nikapita, wala sikugeuka nyuma. Yeye akabaki kwenye foleni ya wageni, na siku hiyo ndege kadhaa zilikuwa zimetua kwa pamoja. Tiketi zetu za Kisumu tulikuwa tumezinunua kando, na ndege ikatuacha. Mama yangu alikuwa amekuja na jirani zake kutupokea uwanja wa Kisumu. Ilibidi wapande matatu za usiku kurudi Gem. Sisi tukalala Nairobi kwa gharama tusiyoipanga, bila kusemezana.

Sasa nyumbani kila mtu ana neno. Dada zangu wanasema huyu mzungu anaona haya kusimama nami mbele ya wenzake. Mume wangu anasema ninataka avunje sheria za watu. Mama anasema mimi nimfuate tu mume wangu popote anaposimama, na afisa akinirudisha nirudi. Agosti tunasafiri tena. Je, Shangazi, tunapaswa kusimama foleni ipi? Na je, dada zangu wanaona jambo ambalo mimi silioni?

Mama Wawili, Mamboleo.

JIBU LA SHANGAZI

Mama Wawili, pole kwa yote hayo, na umpe pole mama yako kwa safari ile ya usiku.

Nianze na swali la foleni, maana hilo lina jibu lililonyooka. Mkishuka Amsterdam, ninyi nyote wanne mna haki ya kusimama foleni ya raia wa Ulaya. Namaanisha wanne kweli, na binti yako wa miaka 15 yumo. Hamwombi fadhila ya mtu. Ni haki iliyoandikwa, na mume wako anayeheshimu sheria itampasa aiheshimu na hii.

Iko hivi. Raia yeyote wa nchi ya Umoja wa Ulaya ana uhuru wa kuingia na kuishi katika nchi nyingine za Umoja huo. Mwaka 2004 Umoja huo ulitoa agizo, nambari yake ni 2004/38, linalosema kwamba uhuru huo ni wake pamoja na familia yake, hata kama familia hiyo ina pasipoti za nchi nyingine. Familia inayotajwa humo ni mke au mume, na watoto walio chini ya miaka 21, wake mwenyewe au wa mwenzake. Umeona? Binti uliyemzaa kabla ya ndoa hii ametajwa. Mbele ya sheria hiyo yeye ni mtoto wa nyumba ya Mjerumani huyo sawasawa na mdogo wake.

Halafu kuna kanuni ya mipaka yao, nambari 2016/399. Ibara yake ya 10 inazungumzia hivyo vibao vinavyokutesa. Inasema wenye uhuru huo, na wanafamilia wao wamo, wana haki ya kupita mstari wenye kibao cha raia wa Ulaya. Kisha inaongeza jambo ambalo ningependa mume wako alisome mara mbili: wanaweza pia kupita mstari wa pasipoti zote.

Maana yake ni nini? Kwamba hata kama hakujua haki yako wewe, yake alikuwa nayo siku zote. Hakuna sheria iliyomtenga na mkewe. Kibao kile kilimruhusu kupita upande mmoja, na hakikumkataza kusimama upande wa pili na mke, binti na mtoto anayelilia choo. Angeweza kusimama nanyi tangu safari ya kwanza. Na mtoto wenu wa kiume ana pasipoti ya Ujerumani, ni raia wa Ulaya kama baba yake. Naye mlimzungusha kwenye mstari mrefu bila sababu.

Nimesema Amsterdam kwa makusudi. Agizo lile la 2004 linamhusu raia anapokuwa katika nchi nyingine ya Umoja, isiyo yake. Mjerumani akiingia Uholanzi, linamhusu. Siku mtakayoamua kushukia Frankfurt kwenda kwa ndugu zake wa Ujerumani, atakuwa anaingia kwao, na hapo mambo hutawaliwa na sheria za Ujerumani yenyewe, isipokuwa kama mlikuwa mmeishi pamoja nchi nyingine ya Ulaya na sasa mnarudi. Kwa hiyo huko usiende na karatasi ya 2004 mkononi ukitaka kubishana. Muulizeni afisa anayeelekeza watu, na akiwaambia mstari wa pasipoti zote, nendeni huko nyote pamoja. Wala haki hii haikufuati ukisafiri peke yako kwa shughuli zako. Ni lazima uwe unafuatana na mumeo, au unamfuata aliko katika nchi hiyo nyingine.

Sasa tuje kwenye namna ya kupita, maana haki usipojua kuitumia itakuletea aibu nyingine. Milango ya mashine iacheni. Mume wako atagusisha pasipoti yake pale, mlango utafunguka, na mtakuwa mmetengana tena. Nendeni dirisha lenye mtu. Mkiitwa, sogeeni nyote wanne kwa pamoja, na mume wako ndiye atangulize mkono, awe ameshika pasipoti zote: yake, ya mtoto, ya binti na yako, pamoja na cheti cha ndoa. Aseme hii ni familia yangu. Neno hilo lazima litoke kwake, kwa sababu haki yenu inapitia kwake. Afisa akiiona pasipoti ya Kenya kwanza, atadhani umepotea mstari. Akiiona ya Ujerumani kwanza na kusikia kwamba wengine ni mke na watoto, ataelewa anashughulika na nani.

Na maswali yale uliyoulizwa, ya pesa na ya utarudi lini, ni maswali ya mgeni wa kawaida. Ukiwa mke wa raia wa Umoja anayesafiri naye, unachotakiwa kuonyesha ni wewe ni nani na kwamba kweli ni familia yake. Pasipoti, viza, cheti cha ndoa, na kwa binti yako cheti cha kuzaliwa chenye jina lako. Ukiulizwa la zaidi, jibu kwa upole tu, usianzishe darasa la sheria na watu wamesimama nyuma yako. Lakini ujue ni kwa nini safari zilizopita ulihojiwa hivyo: aliyekuwa dirishani hakuwa na njia ya kujua kwamba mumeo yuko ng'ambo ya kioo.

Barua ya mwaliko, tiketi, vyeti: vyote viwe kwenye begi lako wewe. Mume abebe nguo.

Jambo jingine la kujiandaa nalo ni mfumo mpya wa mipaka ya Ulaya ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025. Zamani waligonga muhuri. Sasa msafiri wa nje anasajiliwa kwenye kompyuta, anapigwa picha ya uso na alama za vidole zinakaguliwa. Wanafamilia wenye kadi ya ukaazi inayotolewa na nchi za Ulaya chini ya agizo lile wamesamehewa usajili huo. Wewe huna kadi hiyo kwa kuwa mnaishi Kisumu, kwa hiyo wewe na binti mtasajiliwa hata mkiwa kwenye mstari wa Ulaya. Safari ya kwanza chini ya mfumo huu huchukua muda zaidi. Kama mtaelekezwa kwanza kwenye mashine za kujisajili zilizo pembeni, nendeni nyote na mrudi nyote. Mume wako asije akasema, basi mimi nitangulie.

Hapa naomba niwageukie kidogo wasomaji wengine. Mama Wawili ana cheti cha ndoa. Wengi wenu wa huku kwetu mna ayie, mna ng'ombe waliofika, mna picha za wazee wakiwa wameketi chini ya mwembe, na cheti hakuna. Ndoa hiyo ni ndoa kamili, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua, lakini sheria hiyohiyo inataka iandikishwe. Afisa wa Amsterdam hawezi kumpigia simu mjomba wako aliyesimamia mahari. Ikiwa mwenzako ni raia wa nchi nyingine na mnatarajia kusafiri, andikisheni ndoa sasa, kabla hamjanunua tiketi. Nimepokea barua nyingi za watu waliokumbuka cheti wakiwa na wiki moja ya kuondoka, na inauma kuwajibu.

Turudi nyumbani, Nairobi. Mama Wawili, kwa hili nitakuambia ukweli kama mwanangu: ulichomfanyia mume wako siku ile hakikuwa kizuri. Naelewa hasira ilitoka wapi. Lakini binti aliyekuuliza Amsterdam kwa nini Baba ameenda peke yake, Nairobi alimwona Mama akimwacha Baba bila kugeuka. Na bei yake aliilipa mama yako aliyekuwa akisubiri Kisumu, ambaye hakuwamo ugomvini.

Msimamo wangu kuhusu foleni zote za mipaka, uwe uwanja wa ndege au barabara, ni huu: mwenye karatasi nyepesi asiachwe peke yake. Ulaya ni wewe na binti. Kwetu ni mume wako. Wewe ni raia. Ibara ya 39 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kuingia nchini mwake. Hakuna dirisha pale Jomo Kenyatta ambalo litakukataa kwa sababu umesimama na mume wako kwenye foleni ya wageni. Yeye ndiye anayeweza kuulizwa kibali chake kinaisha lini, anaishi wapi, anafanya nini. Akiwa na mkewe Mkenya pembeni, mwenye kujua Kiswahili na mwenye cheti cha ndoa mkononi, maswali hayo hujibika upesi.

Kwa hiyo mkitua Nairobi, mtafute kwanza afisa anayepanga foleni. Msalimie, mwambie: "Afande, huyu ni mume wangu, hawa ni watoto wetu, anaishi hapa na kibali chake ni hiki. Tunaweza kupita pamoja kwa Wakenya?" Ukiwa na mtoto mdogo mkononi na ukiuliza kwa adabu, una nafasi nzuri ya kuruhusiwa. Akikubali, mshukuruni mpite. Akikataa, usibishane, nendeni nyote kwa wageni. Mtachelewa pamoja. Kama mtoto amelala au anaumwa na mstari ni mrefu kupita kiasi, basi gawaneni kwa makubaliano: wewe upite na watoto, ukawaketishe mahali, na mume ajue uko wapi. Tofauti ya hapo na siku ile ni kwamba mmekubaliana.

Angalieni pia tarehe ya kibali chake kabla ya kuondoka Kisumu. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha kutoa viza, na mgeni kutoka Ulaya huomba idhini ya kusafiri kwa mtandao kabla hajapanda ndege. Mwenye kibali halali cha kukaa nchini haombi. Lakini kibali kikiisha mkiwa Utrecht, atahitaji idhini hiyo, na shirika la ndege linaweza kumzuia hukohuko Amsterdam asipande. Hilo ni baya kuliko foleni yoyote.

Mtoto wenu wa kiume, akitoka na akiingia Kenya aonyeshe pasipoti ya Kenya. Akiingia na akitoka Uholanzi aonyeshe ya Ujerumani. Pale mnapokabidhi mizigo, onyesheni zote mbili ili wahudumu waone anaweza kuingia anakokwenda. Mtu asikutishe kwamba kwa kuwa baba yake ni Mjerumani basi yeye hapa ni mgeni. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, azaliwe hapa au ng'ambo. Kina mama wa zamani walioolewa na wageni hawakuwa na haki hiyo kwa watoto waliozaliwa nje, na waliteseka sana kwa sababu yake. Wewe unayo, itumie.

Kuhusu ndege ya Kisumu: pasipoti hukaguliwa Nairobi, na kama tiketi ya Kisumu mmeinunua kando mtachukua mizigo yenu hapo, mtoke, mwende upande wa ndege za ndani, mkabidhi upya. Usipange hayo yote ndani ya saa mbili ukiwa na watoto. Chukueni ndege ya alasiri hata kama mnatua asubuhi, au lipeni kidogo zaidi mpate tiketi moja hadi Kisumu, ili ndege ya kwanza ikichelewa, jukumu la kuwafikisha liwe la shirika. Na mama asubiri nyumbani hadi utakapompigia simu ukiwa umeketi ndani ya ndege ya Kisumu.

Walioko Busia, Malaba na Bungoma ambao wake au waume zao ni wageni, yenu ni rahisi kidogo lakini ina mtego wake. Pale Busia ukaguzi ni wa kituo kimoja: ukienda Uganda unamalizana na Kenya na Uganda upande wa Uganda, na ukirudi unamalizana nao wote upande wa Kenya. Wewe Mkenya unaweza kuvuka kwa kitambulisho, na umezoea. Mwenzako anahitaji pasipoti na, kulingana na nchi yake, viza ya Uganda. Usiteremke basi ukapita na kitambulisho chako ukasahau kwamba yeye yuko dirisha jingine na dereva ameshawasha injini. Mwambie kondakta mapema kwamba mko wawili na mmoja ana pasipoti ya nje.

Sasa la dada zako. Nimeisoma barua yako nikitafuta hiyo haya wanayoisema, na sikuiona. Mwanamume anayeona haya kusimama na mkewe hafanyi ayie Gem. Haishi Mamboleo miaka yote hii. Haendi na mkewe na binti wa kambo kwa dada yake tena na tena. Ninachokiona ni mtu aliyelelewa kuamini kibao, akadhani kutii kibao ndiyo heshima yenyewe, na hakutazama nyuma kuona nani ameachwa na mzigo. Hilo ni kosa, na ni lake. Kutokusudia hakufuti kwamba binti wa miaka 15 amesimama kwenye mstari akijiuliza kama mwanamume huyu ni baba yake kwa kweli au ni baba wa mdogo wake peke yake. Hapo ndipo moyo wangu ulipouma zaidi katika barua yako, kwa sababu swali lile aliuliza yeye. Mdogo hakuuliza.

Kwa hiyo usianze mazungumzo na foleni. Anza na swali la binti. Kaa na mume wako jioni moja watoto wakiwa wamelala, bila dada zako, bila hata mama. Mwambie: "Binti aliniuliza kwa nini Baba ameenda peke yake, na sikuwa na jibu. Ningependa wewe umjibu." Unyamaze, umwache aseme. Kisha umwambie na wewe kwamba Nairobi ulimwacha kwa hasira na kwamba haitatokea tena. Ukimaliza hayo ndipo umwonyeshe Ibara ya 10. Yeye anasoma Kijerumani, na kanuni hiyo imechapishwa kwa Kijerumani na Umoja wa Ulaya wenyewe, aisome kwa lugha yake. Nadhani utashangaa atakavyokuwa wa kwanza kuchapisha nakala na kuiweka kwenye begi.

Mama yako alikuwa karibu na ukweli kuliko wote. Alisema umfuate mume popote anaposimama, na kwa Amsterdam sheria inamuunga mkono. Ningeongeza tu kwamba asikutangulie, mtembee sambamba.

Kwa kuwa ndoa yenu imepita miaka 7, kuna jambo mnalopaswa kulifikiria kwa utulivu. Ibara ya 15 ya Katiba inasema mtu aliyeoana na Mkenya kwa angalau miaka 7 ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Wajerumani wengi walikuwa wakiogopa kwa sababu zamani kuchukua uraia mwingine kuliweza kuwafanya wapoteze wa kwao. Tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria ya Ujerumani imebadilika, haiwanyang'anyi tena. Simsukumi mtu kubadilisha uraia kwa sababu ya foleni. Lakini kama ameamua kuzeekea Kisumu, aende ofisi ya uhamiaji aulize masharti. Akiona hilo ni zito, kuna ukaazi wa kudumu, ambao mwenza wa Mkenya anaweza kuuomba baada ya miaka 3 ya ndoa, na kazi ya kuhuisha kibali kila mara itakwisha.

Kabla ya hayo yote, Agosti haiko mbali. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, usingoje wiki za mwisho. Kwa mke wa raia wa Umoja anayefuatana naye kwenda nchi nyingine ya Umoja, viza hutolewa bure na kwa haraka kuliko ya kawaida. Kama safari zilizopita ulilipa ada ya viza, yako na ya binti, safari hii usilipe. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika mwanafamilia ambaye ni raia wa Ulaya. Jaza hapo jina la mume wako na nambari ya pasipoti yake, katika fomu yako na katika fomu ya binti pia. Sehemu zenye alama ya nyota, zile za kazi yako na za nani atalipia safari, hazikuhusu, ziache wazi. Ambatanisha nakala ya cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha binti, na tiketi inayoonyesha kwamba baba yao yuko ndege hiyohiyo. Kama baba mzazi wa binti yupo na ametajwa kwenye cheti, mpate mapema akuandikie barua ya ridhaa mbele ya wakili, maana mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuulizwa barua hiyo hata pale Nairobi mnapoondoka.